Dabo Rodi ya Mapipa

Mwaka ule wa tisini na saba mkoa mzima wa Kigoma haukuwa na dabo rodi hata moja, ile barabara ya njia mbili zinazogawanywa na tuta katikati. Hebu zunguka mwenyewe: toka stesheni, panda Rusimbi, shuka Ujiji, rudi Kibirizi. Lami ilikuwa ya kuokoteza, kipande hapa, kipande pale, kwingine ni vumbi jekundu na mashimo ambayo mvua ikinyesha bata wanaogelea. Sasa niambie, mtu wa hapo, dereva wa pikapu ya dagaa, utampima vipi namna ya kuingia na kutoka dabo rodi? Lakini walimpima. Na walichomfanyia baada ya kumpima ndicho kinachonichemsha damu mpaka leo.

Marcel Bilago aliishi Katubuka na mkewe Leonia, mtoto wao Frida aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, na mama mkwe wake, Bibi Rozalia. Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa la mfanyabiashara wa dagaa, na alilipwa siku ile tu mzigo unapopatikana. Ziwa likichafuka, nyumba nzima inakunywa uji wa chumvi. Ndipo likaja shirika moja la misaada, lililohitaji madereva wa kwenda kuchukua malori mapya bandarini Dar es Salaam na kuyaleta Kigoma kubebea chakula cha wakimbizi. Mshahara wa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ila masharti: kwa kuwa Dar kuna dabo rodi, kila dereva lazima aonyeshe kwamba anajua kuingia na kutoka.

Jioni ya kuamkia mtihani, Marcel alipanga matofali uani mstari mmoja mrefu, akaacha pengo katikati. Matofali ndiyo tuta. Huku njia ya kwenda, kule njia ya kurudi. Usukani wake ulikuwa ungo. Leonia, mtoto mgongoni na beseni kichwani, alikuwa basi la mkoani, na watoto wa jirani walikuwa teksi, wanapiga honi kuliko teksi zenyewe.

"Natoka barabara ndogo," Marcel alisema, kashika ungo wake. "Nataka kwenda kulia. Dereva mwenzangu Feliksi kanifundisha, yeye kaendesha Dar. Kwanza natazama kulia, maana walio karibu nami wanatokea kulia. Pakiwa wazi navuka hadi kwenye mwanya wa tuta. Hapo nasimama. Natazama kushoto, maana wa upande wa pili wanatokea kushoto. Pakiwa wazi naingia, na nashika mkono wa kushoto kabisa, kwa wanaokwenda polepole. Siruki moja kwa moja kwa wenye haraka."

"Na kama ni lori?" Leonia alimuuliza.

"Lori halienei kwenye mwanya. Ukisimama pale, mkia unabaki nje, basi likupasue vipande viwili. Lori linasubiri mpaka pande zote mbili ziwe nyeupe, ndipo livuke kwa mkupuo mmoja."

"Na kutoka?"

"Kutoka ni kuonyesha indiketa mapema, kusogea upande wa tuta taratibu, kupunguza mwendo, kuingia mwanya na kungoja wanaokuja. Asiyeonyesha mapema anagongwa makalioni."

"Haya, njoo."

Marcel alivuka. Alisahau kusimama kwenye mwanya. Leonia akamkumba na beseni, puu, akaanguka na ungo wake juu ya matofali. "Umekufa!" Leonia alipiga kelele. "Mimi basi nimeua baba watoto!" Watoto wa jirani walicheka hadi wakasahau kuwa ni teksi.

Bibi Rozalia naye alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake cha uani, anamenya mihogo, amewapa mgongo. Kwa desturi yao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawakai benchi moja. Marcel akirudi nyumbani alikohoa kwanza kwenye lango, akangoja, ili bibi apate nafasi ya kugeuka au kuingia ndani. Neno la mmoja kwa mwenzake lilipitia kwa Leonia, hata kama wote wamesikia.

"Leonia," bibi alisema, uso kwenye ukuta. "Mwambie mumeo nisingependa kuzika mtu aliyegongwa na beseni."

"Mwambie mabukwe nimesikia," Marcel alisema. Mabukwe ndivyo alivyomwita mama mkwe. Alijipangusa vumbi, akarudi mwanzo. Alivuka tena na tena mpaka giza likaingia, na mara zote za mwisho alivuka sawasawa.

*

Kiwanja cha mpira cha Katubuka asubuhi ile kilikuwa kimepangwa mapipa matupu ya mafuta, mstari mrefu kutoka goli hadi goli, na mwanya katikati. Ndiyo dabo rodi hiyo! Aliyeipanga aliitwa Wilfred, mkuu wa usafirishaji wa shirika, aliyeletwa kutoka Dar, shati limenyooka, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile kama vya bwana harusi. Pembeni ya kiwanja palikuwa na bohari kuukuu, na wiki zile bohari hilo lilitumiwa na watu wa msako. Ilikuwa imepita amri kwamba wageni wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe wapelekwe kambini. Watu walikuwa wanatolewa majumbani, mashambani, sokoni, wanafungiwa humo kungoja malori. Usahili wa madereva na msako wa watu, kiwanja kimoja. Hakuna aliyeona ajabu.

Feliksi alipewa pikapu azunguke mapipa, awe ndiyo magari ya barabarani. Marcel alipanda Land Cruiser, Wilfred pembeni yake na kalamu.

"Toka barabara ndogo. Ingia dabo rodi, elekea kulia."

Marcel alishika usukani wa kweli, si ungo. Akasikia injini chini ya miguu. Akaona njia mbili pana na kitu katikati, na hapo ndipo mwili ulipomsaliti. Kwa sababu, jamani, dabo rodi pekee aliyowahi kuendesha maishani mwake ni ya Bujumbura, alikokwenda kijana kutafuta maisha na akafundishwa gari huko, mpaka vita ilipomrudisha nyumbani. Na ng'ambo ya mpaka watu wanashika kulia. Kwenye vumbi la Kigoma jambo hilo halikuwahi kumsumbua, maana huku hakuna kulia wala kushoto, unapita penye afadhali. Lakini alipoona tuta tu, mikono ikakumbuka ilikofundishwa. Alitazama kushoto badala ya kulia. Akakata kulia palepale, akaingia njia ya karibu, na Feliksi huyo anamjia uso kwa uso.

"Simama! Simama wewe!"

Breki zililia. Magari mawili yalisimama yanabusiana, vumbi likayafunika. Feliksi alishuka, kashika kifua, anacheka kwa woga. Wilfred hakucheka.

"Umejifunzia wapi gari?"

Mwingine angesema Tabora. Angesema Dodoma, nani angekwenda kuuliza? Marcel alisema kweli, maana ndivyo alivyolelewa, mjinga wa watu.

"Bujumbura, bwana. Niliishi kule nikifanya kazi. Nisamehe, nirudie. Jana nimevuka vizuri."

"Bujumbura!" Wilfred aliinua sauti ili waliopanga foleni wasikie. "Mtanzania gani anashika kulia? Wewe si Mrundi wewe?"

"Mimi Muha. Muha wa Heru Juu, Kasulu. Baba yangu kazikwa huko, babu yangu kazikwa huko."

"Kiha na Kirundi mnaelewana, hamuelewani?"

"Tunaelewana, bwana."

"Basi."

Basi! Mtu anazaliwa, anabatizwa, anachanjwa ndui, anapiga kura, anachangia ujenzi wa shule, halafu anakosea kukata kona kwenye mapipa, anaambiwa basi. Nauliza: Mngoni akielewana na Mzulu, naye apakiwe? Wilfred alishuka, akapunga mkono kuelekea bohari. Wakaja vijana wawili wenye fimbo. Wenzake Marcel kwenye foleni, Waha watupu wenye lafudhi ileile, walitazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa anafikiria namna atakavyosema "kulia" na "kushoto" bila kusikika alikotoka. Feliksi peke yake ndiye aliyesema, "Mzee, huyu namfahamu," akaambiwa arudi kwenye gari lake kama naye anataka kazi. Akarudi.

*

Leonia alifika bohari na chakula kwenye hotipoti. Mlangoni alikaa ofisa wa msako, kijana wa miaka ya Leonia mwenyewe, njiti mdomoni. Leonia alimpa shikamoo, mtu wa rika lake, na ofisa akaitikia marahaba bila haya.

"Umebeba nini?"

"Chakula cha mume wangu."

Ofisa alifunua hotipoti, akachokoa ugali kwa ile njiti yake. "Ugali wa muhogo. Si unaona? Hicho ni chakula cha Kirundi hicho."

Leonia aliuma meno. Kigoma nzima, kutoka Kibirizi hadi Ujiji, Mkristo na Mwislamu, mwenyeji na mtumishi aliyehamia, wanakula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Yeye mwenyewe ofisa alikuwa anapikiwa huohuo kila mchana, kwa mama ntilie aliyekuwa akipika nyuma ya kiwanja.

"Ni chakula cha huku, afande."

"Wewe kabila gani?"

"Muha wa Ujiji. Baba yangu alikuwa Muha."

"Na mama?"

Leonia alikaza kitenge cha mtoto mgongoni. "Mama pia yupo," alisema.

Ofisa hakusikiliza vizuri, alikuwa anafukuza nzi. "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Mumeo kakiri kwa kinywa chake katoka Bujumbura. Kama si Mrundi, lete mtu mwenye jina, mjumbe au tajiri wake, aje aseme. Malori yanaondoka kesho asubuhi kwenda kambini. Yakishaondoka, mfuate huko huko."

"Nimwone basi."

"Utamwona akipanda."

Alichukua hotipoti akaiweka chini ya kiti chake. Kutoka ndani ya bohari Leonia alisikia kikohozi. Akakijua. Ni kile kile cha kwenye lango, mtu anayeomba njia. Akaitikia kwa kukohoa naye, kwa sauti, mpaka Frida mgongoni akaamka akalia.

*

Mjumbe wao alikuwa Mzee Mudathir, mtu wa Ujiji, mkweli kupita kiasi. Alikuja mwenyewe jioni ile, akaketi kwenye kigoda uani, karibu na yale matofali ambayo hakuna aliyekuwa ameyaondoa. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Binti yangu, nitakwenda. Marcel namjua, na kwao Heru Juu nimefika kwenye msiba wa baba yake. Nitasema. Lakini wale wana tabia moja. Mjumbe akija, wanamuuliza: haya, taja wote waliomo nyumba hiyo. Nami nikitaja..." Alitazama chumba cha uani, akaacha maneno yaishie hapo.

Leonia alielewa. Mama yake alikuja mwaka wa sabini na mbili, msichana aliyekimbia mauaji kwa kufuata ufuko wa ziwa kutoka Nyanza-Lac, Burundi, miguu imechubuka. Aliolewa Ujiji na Muha, akazaa Ujiji, akazika mume Ujiji. Alikuwa amechota maji ya Kigoma miaka mingi kuliko ofisa wa msako alivyoishi. Lakini karatasi? Nani alimwambia kuna karatasi? Kwa watu wa msako alikuwa mgeni anayeishi nje ya kambi, na kwisha.

"Usimtaje," Leonia alisema.

"Nile kiapo cha uongo?"

"Mzee, kwani dini yako inasema umpakie mwanamke mjane kwenye lori?"

"Dini yangu inasema nisiseme uongo, binti yangu. Na nikisema uongo wakaja kumkuta, watamchukua yeye, watamchukua Marcel, watakuchukua na wewe. Ndicho ninachoogopa. Si kwamba sina moyo."

"Basi usiende!" Leonia alisimama. Sauti ilimpasuka. "Usiende kabisa! Nitamtafuta mwingine! Mnanitaka nichague! Mume au mama! Nani alimfanya mtu achague hivyo kwa sababu ya kona? Kona! Kona ya mapipa!"

Mzee Mudathir aliinuka, akavaa kofia yake. Kwenye chumba cha uani kisu kilichokuwa kikimenya mihogo kilikuwa kimeacha kusikika. Kisha kikaanza tena, polepole.

*

Alfajiri Leonia alimwacha Frida kwa jirani akashuka Kibirizi. Alimkuta tajiri wa Marcel, Bi Joanitha, kasimama katikati ya dagaa waliomwagwa mchangani, anagombeza wapagazi. Huyu hakuwa na haja ya kutaja nani yumo nyumbani kwa nani. Angesema tu: huyu ni dereva wangu, namjua. Maneno yasiyozidi pumzi moja.

"Shikamoo, Bi Joanitha."

"Marahaba. Nimesikia. Pole." Hakuacha kutazama dagaa wake. "Lakini mimi usiniingize."

"Njoo useme tu unamfahamu."

"Namfahamu kwa usukani. Kwao sikujui. Wewe unataka wanigeukie na mimi, waanze kukagua wapagazi wangu? Nusu yao hapa wakiulizwa wametoka wapi, nabaki na dagaa peke yangu." Alinyoosha kiganja. "Ufunguo wa pikapu anao nani?"

"Upo nyumbani."

"Utaniletea leo. Gari haliwezi kulala."

Mume wako kafungiwa, unaambiwa gari haliwezi kulala! Leonia alitaka kumtemea mate. Badala yake alisema "haya," kama tunavyosema wote tukiwa hatuna la kufanya, akapanda mlima kwa miguu, jua linazidi kupanda naye.

Nyumbani lango lilikuwa wazi. Alimwita mama yake. Chumba cha uani kilikuwa kimefagiwa. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Mihogo yote ilikuwa imemenywa, imo majini, imefunikwa. Yale matofali yalikuwa yameondolewa uani na kupangwa vizuri ukutani.

Leonia hakuita tena. Alikimbia.

*

Alipofika kiwanjani Marcel alikuwa nje ya bohari, ndevu zimemsimama, hana mkanda. Mzee Mudathir alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, hatazami mtu. Na kwenye foleni ya kupanda lori, mgongo wake umeelekea kwa Marcel, alisimama Bibi Rozalia na kifurushi cha kitenge.

"Alinigongea mlango kabla jua halijachomoza," Mzee Mudathir alisema. "Akasema, twende ukaseme kweli yote. Nimwambie nini? Walipouliza nani mwingine yumo, alijitaja mwenyewe kabla sijafungua kinywa. Akasema, mnayemtafuta ni mimi. Yule ni Muha, muacheni."

"Na wakamuacha?"

"Wakamuacha. Lori lilitaka mtu, limepata mtu."

Leonia aliruka kwenye foleni akamkumbatia mama yake. Kijana wa fimbo alimvuta kitenge. Leonia akamgeukia kwa macho ambayo kijana yule aliyaachia njia.

"Mama, kwa nini?"

"Wewe ungeweza kuchagua?" Bibi Rozalia alimuuliza.

"Hapana."

"Basi nimekuondolea. Mimi kukimbia nakujua, mwanangu. Safari hii ni kwa gari. Na kambi ina lango, utakuja kunitazama."

Ndipo alipotokea Wilfred, anatembea haraka, funguo zinalia mkononi. Malori ya msako yalikuwa ya kuazimwa kwa shirika lake, na madereva hawakutosha. Dereva mmoja alikuwa hajafika, lori la mwisho limejaa watu na jua linapanda. Akamwendea Marcel kana kwamba jana haikuwepo.

"Bwana Marcel, kumbe wewe ni mwenzetu. Yameisha. Kazi umepata. Anza na hili lori, utarudi kesho, tutamaliza mengine."

"Na mtihani?" Marcel aliuliza.

"Mtihani tuachane nao."

"Jana mtihani ulinifanya Mrundi. Leo tuachane nao?"

"Ndugu yangu, mimi natekeleza tu. Unaitaka kazi, huitaki?"

"Siitaki," Marcel alisema. "Simpakii mabukwe kama gunia la mahindi. Tafuta mwingine wa kumfanyia hivyo."

Bibi Rozalia hakugeuka. "Leonia," alisema kwa sauti ya kila siku, sauti ya mihogo. "Mwambie mumeo aendeshe. Ile barabara ya Kasulu ina makorongo. Hawa wengine wanaendesha kama wamebeba mchanga. Humu mna wajawazito. Na mtoto wake atakula nini, hasira?"

Leonia alishindwa kupeleka neno. Halikuhitaji kupelekwa. Marcel akanyoosha mkono, Wilfred akaweka funguo.

"Akae mbele," Marcel alisema. "Mwambie akae mbele, kwenye kiti. Sitakwenda kama hakai mbele."

"Mbele?" Bibi Rozalia alishtuka kwelikweli, kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Mkwe na mkwe benchi moja, mawe we, mama yangu! Wamenichukulia nyumba, adabu hawajanichukulia." Akaomba mkono wa mwanamke aliyekuwa juu, akapanda nyuma, akaketi juu ya kifurushi chake, mgongo kwa dereva.

Njia ya kutoka kiwanjani ilipita kwenye yale mapipa. Malori mengine yalipita ovyo, mengine yalizunguka goli. Marcel alilileta lori hadi kwenye mstari akasimama kabla ya mwanya. Lori halienei kwenye mwanya. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Huku kulikuwa na mwanamke aliyebeba kuni, kule mbuzi wawili. Alingoja.

"Twende!" ofisa wa msako alifoka. "Unangoja nini, hakuna gari!"

Marcel alingoja. Mwanamke wa kuni akapita. Mbuzi wakapita. Pande zote mbili zikawa nyeupe. Akaonyesha indiketa, akavuka kwa mkupuo mmoja, taratibu, bila kumtingisha mtu, akaingia njia ya pili na kushika kushoto kabisa. Hakuna aliyempa alama. Wilfred alikuwa amekwisha kuingia kwenye chumba cha ofisi kando ya bohari.

Leonia alitazama lori mpaka vumbi likatua. Kisha akaenda kwenye mapipa, akaangusha la kwanza kwa mguu. Likalia kama ngoma. Akaangusha la pili, na la tatu, akaenda hivyohivyo mpaka goli la pili, mpaka dabo rodi yote ikawa imelala chali. Pipa la mwisho, zuri, halina kutu, alilishika akaanza kulivingirisha kuelekea nyumbani.

Wilfred alitoka mbio. "Wewe mama! Acha hilo pipa! Hiyo ni mali ya shirika!"

"Na mama yangu alikuwa mali ya nani?" Leonia alimjibu. "Ulipompakia yeye, nilikwambia uache?"

Alimtazama mpaka Wilfred akaangalia pembeni. Hakuna kijana wa fimbo aliyesogea. Leonia aliendelea kuvingirisha pipa lake kwenye barabara ya vumbi, katikati kabisa, baiskeli zikimpisha huku na huku.

Mvua ilinyesha usiku. Kesho yake jioni pipa lilikuwa limejaa chini ya mchirizi wa bati, na Leonia alikuwa anachota maji ya kuosha mihogo, aliposikia kikohozi langoni. Marcel alikuwa amerudi. Hakuingia. Alisimama nje ya lango, ameinamisha kichwa, anangoja kama alivyozoea, ampe mabukwe nafasi ya kugeuka.

Leonia alitazama kizingiti cha chumba cha uani.

"Ingia tu," alisema. "Hakuna mtu."